Bima iliidhinisha upasuaji, sasa haitaki kulipa

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku watoto wakiwa wamelala, maana mchana nikiishika hii bili hasira zinanipanda na kazi hazifanyiki.

Mume wangu alishikwa na maumivu makali ya tumbo usiku, tukamkimbiza hospitali. Idara ya dharura wakampokea, wakamchoma sindano ya kutuliza maumivu, wakachukua damu, wakampima kwa ultrasaundi, na kulipopambazuka daktari akasema ni kidole tumbo, hakuna kusubiri. Kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, binti wa dirisha la bima akaniambia niondoe wasiwasi, idhini imeshaombwa. Na kweli, ujumbe ukaingia kwenye simu ya mume wangu ambayo nilikuwa nayo mimi: ombi limekubaliwa, namba ya idhini ni hii, na pembeni imeandikwa K35.8. Nikamshukuru Mungu. Upasuaji ukaenda salama, akaruhusiwa, tukarudi nyumbani nikijua yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Imekuja barua kutoka bima. Wamelipa vipimo, kitanda na baadhi ya dawa, lakini upasuaji wenyewe wamekataa. Sababu waliyoandika ni mstari mmoja tu: huduma haikuwa na idhini. Shangazi, ujumbe wa idhini ninao hapa mkononi!

Nikapiga simu bima. Wakasema kosa ni la hospitali, iwasilishe dai vizuri. Nikaenda hospitali. Wakasema wao walishatuma kila kitu, niwabane bima. Tangu hapo napigwa danadana. Kila ninayempata kwenye simu ni mtu mpya, na kila mmoja nianze kumsimulia tangu ule usiku wa maumivu. Wengine hawafiki hata huko: wanachukua namba ya uanachama, jina na tarehe ya kuzaliwa, halafu wananiambia hawawezi kuzungumza na mimi kwa kuwa siye mwanachama. Siku nyingine mtandao hausomi.

Hapo hapo ikaingia bili nyingine, ya daktari wa usingizi, inajitegemea kabisa. Mimi nilidhani yule ni wa hospitali.

Bili ya hospitali yenyewe kwanza ilikuwa karatasi moja yenye jumla tu. Nilikataa kuondoka dirishani mpaka waliponichapia mchanganuo. Juu kabisa, sehemu ya ugonjwa, pameandikwa R10.4. Ndani nimekuta siku ya kuruhusiwa imehesabiwa kama siku nzima, na sisi tuliondoka asubuhi mapema. Na nimekuta kipimo cha ujauzito. Kwa mume wangu, Shangazi! Nilipomwonyesha mhasibu alitabasamu, akasema, "Hicho ni kidogo tu mama, hakibadilishi kitu."

Sasa wahasibu hao hao wanapiga simu wakisema wasipolipwa deni litakabidhiwa kwa wakusanya madeni. Mume wangu anasema tukope tulipe, tulale usingizi. Bima ni ya kazini kwake na hataki kuonekana msumbufu. Ananiambia napenda ugomvi. Mimi naona tukilipa tumeibiwa.

Je, tulipe kwanza tudai baadaye? Kosa hasa ni la nani? Na nianzie wapi, maana nimeshachoka?

Mke Aliyechoshwa na Simu

* * *

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuuguza, na pole kwa makaratasi, ambayo naona yamekutesa kuliko ugonjwa wenyewe. Mimi nilikaa upande wa pili wa lile dirisha la bima kwa miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua, kwa hiyo yako nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi.

Swali la kosa ni la nani umelijibu mwenyewe bila kujua. Tazama tena ujumbe wa idhini, halafu tazama juu ya mchanganuo. Idhini inasema K35.8. Bili inasema R10.4. Hizo ni namba za magonjwa kutoka kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani inayoitwa ICD-10, iliyopitishwa mwaka 1990 na ambayo bado inatumika mahali pengi ingawa mrithi wake, ICD-11, alianza rasmi mwaka 2022. Kila ugonjwa una herufi na tarakimu zake. K35 ni kidole tumbo kilichovimba ghafla. R10 ni maumivu ya tumbo, na ile .4 inamaanisha maumivu ambayo hayajajulikana yanatoka wapi.

Sasa rudi kwenye ule usiku. Mnafika dharura, mume anajikunja, hakuna anayejua tatizo ni nini. Karani anafungua faili na kujaza alichoambiwa: maumivu ya tumbo, R10.4. Hajakosea, saa ile ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi daktari anagundua kidole tumbo, dirisha la bima linaomba idhini kwa K35.8, linapewa. Lakini wakati wa kufunga faili na kutuma dai, inaonekana hakuna aliyerudi juu kubadilisha ile namba ya kwanza. Dai likafika bima likisema kwamba mtu mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana amepasuliwa. Kompyuta ya bima ikatafuta idhini ya upasuaji kwa R10.4, haikuiona, ikaandika kwamba haipo. Kitanda na vipimo vikapita kwa sababu mtu mwenye maumivu ya tumbo hupimwa na kulazwa.

Sijaliona faili lenyewe, ila nimeona mengi ya namna hii, na hizo namba mbili kutofautiana kunatosha kuanzia. (Orodha hiyo, kwa taarifa yako, chimbuko lake ni orodha ya sababu za vifo iliyotungwa mwaka 1893 ili nchi ziweze kulinganisha takwimu zao. Haikutungwa kwa ajili ya bili. Nilikuwa nalikumbuka hilo kila nilipomwona mgonjwa amesimama dirishani ananyimwa haki yake kwa sababu ya nukta na tarakimu moja.)

Kwa hiyo bima hawakudanganya waliposema kosa ni la hospitali, na hospitali hawakudanganya waliposema walituma kila kitu. Walituma, ila na namba isiyolingana na idhini. Na ndiyo maana simu zako hazizai matunda: wewe unaeleza habari ya mgonjwa, yule anayekusikiliza anasoma namba kwenye skrini. Acha kusimulia ule usiku. Kuanzia sasa sema sentensi moja: "Dai limetumwa na R10.4, idhini ilitolewa kwa K35.8, naomba dai lirekebishwe."

Wa kurekebisha ni hospitali. Bima hawana ruhusa ya kubadilisha ugonjwa ambao daktari ameuandika, na wewe ndiyo kabisa, usiguse karatasi yoyote kwa kalamu yako. Nenda kitengo cha bima cha hospitali, umwone mkuu wake, siyo yule wa mapokezi. Omba muhtasari wa matibabu anaopewa mgonjwa akiruhusiwa, wenye saini ya daktari. Kama kile kidole tumbo kilichokatwa kilipelekwa maabara, omba na ripoti yake, kwa sababu hiyo inamaliza ubishi. Mahali pengi mgonjwa ana haki ya kupata nakala za kumbukumbu zake. Na omba kitu kimoja ambacho wagonjwa hawaombi kamwe: nakala ya dai kama lilivyotumwa bima. Mchanganuo uliochapiwa wewe na dai walilopelekewa bima wakati mwingine havifanani.

Wakikubali kosa, sikiliza vizuri wanachosema watafanya. Wakisema "tutatuma tena," wazuie. Dai likitumwa upya kama jipya, kompyuta ya bima italiona ni marudio ya la zamani na kulikataa kwa sababu nyingine kabisa, kisha mtaanza danadana ya pili. Linatakiwa litumwe kama dai lililorekebishwa, likitaja namba ya dai la kwanza. Uliza limetumwa tarehe ngapi na namba yake ni ipi. Nikwambie ukweli, sentensi hiyo moja ingewaokoa watu wengi niliowahi kuwaona wakirudi dirishani na karatasi zile zile.

Neno la tahadhari hapa. Unaomba namba iliyo ya kweli, hauombi namba inayolipwa. Kuna watu huambiwa na jirani, "mwambie daktari aandike kitu ambacho bima wanalipa." Huo ni udanganyifu na unaweza kumfutia mumeo uanachama. Wewe huna haja nao, ukweli uko upande wako.

Daktari wa usingizi ni kweli mara nyingi hajaajiriwa na hospitali, anatoza kivyake, na dai lake huenda lilibeba R10.4 ile ile kwa sababu alinakili kutoka kwenye faili. Ofisi yake haitapata habari kwamba hospitali imerekebisha. Ukishapata muhtasari wa daktari, wapelekee na wao nakala siku hiyo hiyo.

Sasa twende kwenye kipimo cha ujauzito, ambacho mhasibu alikiona kidogo. Kidogo kwa bei, labda. Lakini kinaonyesha kwamba vitu vya mgonjwa mwingine vimeingia kwenye faili la mumeo, na vitu vya namna hiyo haviji kimoja. Omba mchanganuo wenye tarehe na saa, kisha tafuta mstari wa kile kipimo na usome mistari iliyo juu yake na chini yake. Kuna drip pale, kuna dawa, kuna kipimo kingine cha damu? Je, saa hiyo mumeo alikuwa wodini au alikuwa bado mezani anapasuliwa? Kila usichokitambua weka alama, na uombe waonyeshe mahali kilipoandikwa kwenye chati ya wauguzi. Kama hakipo kwenye chati, hakikutolewa, kitoke. Na hili wawajibike nalo upesi, kwa sababu kuna mwanamke mahali fulani ambaye kipimo chake kimekaa kwenye faili la mwanaume, na inawezekana daktari wake analisubiri jibu.

Siku ya kuruhusiwa ni habari nyingine. Hospitali nyingi huhesabu usiku uliolala na siku ya kutoka haimo, lakini nyingine huweka saa fulani ya mwisho kama hoteli. Waulize kanuni yao iko wapi kwa maandishi. Kama mlitoka kabla ya saa hiyo, idai. Kama kanuni inawabana, iacheni, msipoteze nguvu hapo.

Umeuliza kama mlipe kwanza mdai baadaye. Hapana, siyo sehemu mnayoipinga. Pesa ikishaingia, kati ya hospitali, bima na nyie, atakayebaki na haraka ni wewe peke yako. Mahali pengine kulipa hata kipande kunaweza kuchukuliwa kama kukiri deni lote. Lakini kama kuna kiasi ambacho mnajua ni chenu kweli, yaani ule mchango ambao mkataba wa bima unasema mwanachama analipa mwenyewe, hicho kilipeni, na risiti iandikwe ni malipo ya nini. Mtu aliyelipa anachodaiwa kihalali husikilizwa tofauti na mtu aliyegoma kila kitu.

Kuhusu vitisho vya wakusanya madeni, waandikieni wahasibu barua fupi: deni lina mgogoro, dai linarekebishwa, namba yake ni hii, tunaomba akaunti isimamishwe hadi bima watakapojibu. Wakupigie muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, au itume kwa baruapepe uwe na ushahidi. Hospitali yenye akili haipeleki kwa wakusanya madeni faili ambalo kosa lake yenyewe limeandikwa ndani, na ikipeleka, barua hiyo ndiyo ngao yenu.

Halafu kuna saa inayokimbia ambayo hukuitaja. Ile barua ya kukataliwa ina mahali, pengine nyuma kwa maandishi madogo, panaposema una muda gani wa kukata rufaa. Muda huo mara nyingi unahesabiwa tangu siku ya barua. Simu zako zote hazijausimamisha hata kwa siku moja. Kwa hiyo hata kama hospitali wanaahidi kurekebisha, mume wako apeleke rufaa yake sambamba. Haina haja ya kurasa. Aandike hivi:

"Mimi mwanachama namba … napinga kukataliwa kwa dai namba … Upasuaji uliidhinishwa tarehe … kwa idhini namba … kwa ugonjwa K35.8. Dai liliwasilishwa na R10.4, ambayo ni dalili aliyofika nayo mgonjwa kabla ya uchunguzi. Nimeambatisha ujumbe wa idhini na muhtasari wa daktari. Naomba dai lipitiwe upya na nipewe jibu la maandishi lenye sababu."

Basi. Hakuna kulalamika, hakuna kusimulia muziki unaopigiwa ukisubiri kwenye simu. Ule ujumbe wa idhini uupige picha leo, uuhifadhi mahali pawili, na usiufute hata mtu akikwambia mambo yamekwisha.

Na saini iwe ya mume wako. Wale waliokukatia simu kwa kuwa si mwanachama waliudhi, lakini wanalinda siri za wagonjwa, na kesho ungetaka walinde zako. Dawa yake ni barua ya mistari miwili ambayo mumeo anakupa idhini ya kuzungumza kwa niaba yake juu ya dai hilo. Wakiipokea waambie waiweke kwenye faili. Wakati huohuo anza daftari: kila simu, tarehe, jina la aliyepokea, alichoahidi. Ukipiga tena unasema, "Fulani aliniahidi hivi Jumanne," na sauti ya upande wa pili hubadilika.

Mumeo anaogopa kuonekana msumbufu kazini. Mwambie Shangazi amesema anaangalia kinyume. Mteja mkubwa wa ile bima ni mwajiri wake, ndiye anayelipa kwa ajili ya wafanyakazi wote na ndiye anayeweza kuhamia kampuni nyingine mkataba ukiisha. Karibu kila kazi yenye bima ina mtu wa utumishi, au wakala, ambaye ana namba ya simu ya meneja pale bima, si ile ya muziki. Kumpelekea mtu huyo nakala ya ujumbe wa idhini na barua ya kukataliwa ni jambo la kawaida kabisa, yupo kwa ajili hiyo. Hana haja ya kueleza tumbo lake. Namba mbili zinatosha.

Nyumbani napo, mwanangu, usimfanye achague upande. Yeye ndiye aliyepasuliwa, bado kidonda kinavuta, na kila bahasha inamkumbusha kwamba yeye ndiye chanzo cha hilo deni. Wanaume wengi wakifika hapo husema tulipe yaishe. Mwombe saini mbili tu, ya rufaa na ya idhini ya kukusemea, kisha usimletee habari za bima mezani mpaka kuna jibu. Mkope mtakapolazimika, siyo kwa sababu mhasibu amepiga simu.

Bima wakikataa tena baada ya rufaa, nchi nyingi zina mamlaka ya kusimamia bima, na nyingine zina msuluhishi wa migogoro ya bima, wanaopokea malalamiko ya wanachama, aghalabu bila malipo. Watataka kwanza kuona kwamba rufaa ya ndani imekwisha na jibu lake lipo kwa maandishi, ndiyo maana nasisitiza karatasi. Na ikitokea hospitali wakasema muda wa kutuma marekebisho umeshawapita, usikubali mzigo huo uhamie kwenu: ulizeni mkataba wao na bima unasemaje, kwa sababu mingi inakataza kumtoza mgonjwa kwa kuchelewa ambako si kwake.

Anza na mkuu wa kitengo cha bima kesho asubuhi, kabla foleni haijaanza. Jibu la rufaa likija na bado ni hapana, nitumie ile sababu waliyoandika, neno kwa neno pamoja na namba zake, tuisome pamoja.

Shangazi